Siku Sita Banjarmasin

Wiki mbili baada ya mazishi ya Mama, tulikuwa tukihamisha vitu vyake kutoka kwenye fleti ya Burnsville. Nilivuta boksi lililokuwa juu kabisa ya kabati, na kofia ikaniangukia usoni. Ilikuwa kofia ya majani yaliyokaushwa na kushonwa kwa uzi, pana kama ungo, rangi zake nyekundu na kijani zimepauka. Nilisikia harufu ya vumbi, na chini ya vumbi harufu ya maji ya mto, dizeli na machungwa. Labda harufu hiyo haikuwepo. Labda niliileta mwenyewe. Mume wangu aliuliza kama kofia inakwenda kwenye takataka au inabaki. Nilikaa chini katikati ya maboksi, kofia mapajani.

Ninyi wa rika langu, mliokulia huku ughaibuni kama mimi, mnakumbuka nyumba zetu zilivyokuwa. Baba zetu walikuja kusoma, mama zetu wakawafuata, na sisi tukaletwa tukiwa wadogo au tukazaliwa hapa. Wao walitusemesha kwa Kiswahili, sisi tukawajibu kwa Kiingereza. Mezani hapakukosekana kadi za simu za kukwangua, na kila Jumamosi mtu alipiga kelele kwenye simu kana kwamba Bukoba ingemsikia hata bila waya. Kwetu kulikuwa hivyo. Baba alikuwa mtu wa Bukoba, anasomea udongo katika chuo kikuu. Mama alitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, siku nyingine shifti mbili mfululizo. Mimi ndiye mtoto pekee, Koku.

Baba alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mwanamume mwingine. Kuna siku alinipeleka mbali kaskazini, kwenye vinamasi, akachimba shimo na kunipa bonge jeusi la udongo ninuse. Lilinuka kama chai iliyosahauliwa kwenye birika. Aliniambia hayo ni majani ya kale, yamekaa majini yasioze, na kwamba kuna nchi ambako udongo kama huo una kina kuliko nyumba ya ghorofa. Nilipotimiza miaka saba, akaenda kwenye nchi hiyo. Ilikuwa Indonesia, katika mji wa mito unaoitwa Banjarmasin, kwa ajili ya utafiti wa shahada yake ya udaktari. Angekaa miezi minane.

Miezi mitano ya kwanza alipiga simu kila Jumapili. Alinisimulia kwamba watu wa kule hupita mtoni kama sisi tunavyopita barabara kuu ya 35, kwamba kuna soko zima linaloelea juu ya maji, na nyani wenye pua ndefu kama za wazee walevi. Nilicheka hadi Mama akaninyang'anya simu. Kisha simu zikaanza kuruka Jumapili moja, halafu mbili, halafu zikakoma. Sikujua kwamba Mama alimtafuta mwalimu wa Baba chuoni, akaambiwa Baba ameandika barua ya kuacha utafiti. Wala sikujua kwamba kwenye kituo alikofanyia kazi walisema alifunga mizigo yake mwenyewe, akaenda mjini, na hawakumwona tena. Mimi niliambiwa neno moja tu: tunakwenda kumtembelea baba yako. Shule zilipofungwa, Mama akaomba likizo, tukapanda ndege.

Tulifikia nyumba ya wageni kando ya mto. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mtu mzima aliyewahi kufundisha Kiingereza, na Mama alikaa naye jioni ya kwanza wakizungumza kwa sauti ya chini. Alimwandikia Mama orodha ya mahali pote ambapo watalii hupenda kwenda. Leo najua kwa nini. Mwanamume mweusi katika mji ule angekuwa mgeni tu, na mgeni huonekana penye wageni. Lakini mimi niliiona orodha ile nikadhani ni zawadi yangu. Chini ya orodha, yule mama aliandika sentensi moja ya lugha yao, akamfundisha Mama kuitamka: *Pernah lihat orang ini?* Mama aliirudia usiku ule kama mtu anayekariri zaburi.

Kesho yake, na siku zote zilizofuata, kila tulipokutana na mtu Mama alisema maneno yale huku akionyesha picha ya Baba. Niliona ni jambo la kawaida. Kanisani kwetu huku, watu wakikutana husalimiana, kisha hutoa picha za jamaa zao. Basi nikaamua kwamba *pernah lihat orang ini* ndiyo "habari za asubuhi" ya kwao. Nikaanza kumsalimia kila mtu nayo: mfagizi, muuza ndizi za kukaanga, watoto wenzangu. Walicheka, wakanifinya mashavu, wakashika nywele zangu. Nilijiona nimeshakuwa mwenyeji.

Mahali pa kwanza palikuwa soko linaloelea. Tuliondoka kabla jua halijachomoza, ndani ya mashua ya injini iliyotetemesha meno. Mwenye mashua, Pak Udin, alivuta sigara zenye karafuu ndani yake, moshi wake mtamu ukaniingia puani hadi nikapiga chafya. Pande zote mbili za mto nyumba zilisimama majini kwa miguu ya mbao, na watu walikuwa wakipiga mswaki kwenye ngazi zao. Kulipopambazuka, tukajikuta katikati ya mitumbwi, mingi kiasi kwamba maji hayakuonekana. Wauzaji wote walikuwa wanawake, wamevaa kofia pana za majani, nyuso zao zimepakwa unga mweupe wa kuzuia jua. Waliuza machungwa ya kijani, samaki, maua, chai na vitumbua vyenye ganda la sukari. Walishika mashua yetu kwa mikono ili isiwapite. Mmoja alikataa kuitazama picha ya Baba mpaka Mama anunue kitu. Mama akanunua kofia.

Wakati Mama ameinama upande ule, akimwonyesha picha mwanamke wa kofia, mimi niligeuka upande wa pili nikamwona Baba.

Alikuwa ameketi kwenye mtumbwi mwembamba, si mbali. Mwanamke mwenye uso mweupe wa unga alikuwa akimmiminia chai, akatia sukari na kukoroga bila kumuuliza vijiko vingapi. Baba aliinua kichwa, macho yetu yakakutana. Nilifungua mdomo. Yeye akaweka kidole kwenye midomo yake, akatabasamu, akatikisa kichwa taratibu, kama tulivyokuwa tukifanya tukimficha Mama keki ya siku yake ya kuzaliwa. Kisha akasema neno kwa yule mwanamke, akaivuta kofia yake chini, na mtumbwi ukapenya kati ya mingine. Mama alipogeuka, alinikuta nimefunika mdomo kwa mikono miwili ili nisicheke.

Nilielewa kila kitu, kwa akili yangu ya miaka minane. Baba anaandaa jambo la kumshangaza Mama, na mimi peke yangu ndiye niliyeambiwa siri.

Kwa hiyo siku zilizofuata zilikuwa siku za furaha kuu maishani mwangu, na hilo ndilo nisiloweza kujisamehe. Tulikwenda kwenye kisiwa cha nyani katikati ya mto mkubwa, nyani wa kijivu wakatuparamia wakitafuta karanga, na mimi nilitazama nyuma ya kila mti nikingoja Baba atokeze. Tulikwenda kwenye msikiti mkubwa wenye kuba kama kikombe kilichofunikwa. Mama, Mkristo wa Bukoba, alikaa nje kivulini akiwaonyesha picha waliotoka kuswali, na mimi nikahesabu viatu mlangoni nikitafuta viatu vya namba kubwa. Siku moja yote siikumbuki, ila mvua. Siku nyingine tulikodi gari hadi kwenye machimbo ya almasi, ambako wanaume walisimama majini hadi kiunoni, wakizungusha vyombo vya mbao kama mama anayepeta mchele. Watalii walipiga picha. Mama alishuka kwenye tope hadi magotini, akapita kwa mchimbaji mmoja mmoja. Mmoja aliitazama picha kwa muda mrefu. Mama akashika mkono wake. Kisha yule mtu akatikisa kichwa, akarudi kuzungusha chombo chake.

Mimi nilikuwa juu kwenye ukingo, ninacheka peke yangu. Nilikuwa nimewaza kwamba huenda Baba amejificha mle majini na atainuka na almasi mkononi. Mama alipanda akiwa na tope hadi mapajani, akaniuliza ninacheka nini. Nikasema hakuna. Akanitazama kwa macho ambayo sikuyajua, akanipiga kofi. Ndilo kofi pekee alilowahi kunipiga. Halafu akapiga magoti akanikumbatia, tope lake likanipaka nguo yote.

Jioni ya siku ya tano, mahali pa mwisho kwenye orodha palikuwa kando ya mto, mjini kabisa, ambapo pana sanamu kubwa ya nyani mwenye pua ndefu anayetema maji mtoni. Familia zilikuwa zimekaa wakila mahindi ya kuchoma. Watoto walisimama ili maji yawarukie. Mama hakuwaonyesha watu picha tena. Alikaa kwenye ngazi za saruji, akaiweka picha kwenye mkoba na kuufunga. Kisha akalia, bila sauti, mabega yakitikisika. Nilimwonea huruma sana. Siri ilinifika kwenye ulimi.

"Usilie, Mama," nilimwambia. "Utafurahi."

Akafuta uso kwa kiganja. "Nani kakuambia?"

Maji ya sanamu yalikuwa yakianguka mtoni kwa kishindo. Niliwaza kwamba nikisema sasa, nitaharibu kila kitu, na Baba atajua kwamba siwezi kuaminiwa.

"Hakuna," nikasema.

Kesho yake tukaondoka. Kwenye uwanja wa ndege niliendelea kutazama mlango mpaka tukapanda. Nilidhani labda atakuwa ndani ya ndege. Tulipofika huku, nilidhani atakuwa nyumbani. Nilimngojea siku yangu ya kuzaliwa, nikamngojea Krismasi, na kila alipokosa kuja nilizidi kufunga mdomo, maana niliamini kwamba bado anajiandaa na kwamba neno langu moja litamzuia. Watoto wengi wana imani za namna hiyo. Wengine hawakanyagi mistari ya saruji njiani. Mimi sikusema.

Miaka miwili baadaye Mama aliniketisha akaniambia Baba amepotea na hajulikani aliko. Nilielewa kwamba amepotea sasa, baada ya safari yetu. Alikuwepo, nikamwona, halafu akapotea. Mama hakuwahi kuniambia tulikwenda kumtafuta, na mimi sikuwahi kumwambia tulimpata. Tuliishi hivyo katika fleti ya vyumba viwili, kila mmoja na nusu yake ya jambo moja. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa sijui kabisa. Kuna kutojua, na kuna kukataa kujua, na mtoto anaweza kuanza na moja akaishia kwenye nyingine bila kuona alipovuka.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, alianza kuja kwetu mwanamume aitwaye Elisante. Alikuwa mgane kutoka upande wa Same, anaendesha mashine kwenye kiwanda cha pampu huko Fridley. Kila Jumapili baada ya ibada aliendesha gari kutoka kaskazini hadi kusini kutuletea ndizi au samaki, akatengeneza bomba lililovuja, akalibadilisha gari letu matairi kabla ya theluji. Hakuwa msemaji. Mama alipokuwa naye aliimba akipika, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu Baba aondoke. Siku aliyomwomba amuoe, nilikuwa chumbani, mlango haukufungwa vizuri. Elisante alisema maneno machache ambayo sikuyashika. Kisha nikamsikia Mama vizuri.

"Kaka Elisante, mimi bado ni mke wa mtu. Hakuna aliyeniambia amekufa, na hakuna aliyeniambia amenikimbia."

Elisante alisema atangoja. Na kweli alingoja. Aliendelea kuja, mwaka hadi mwaka, na ndizi zake.

Nilianza chuo Saint Paul nikiwa na miaka kumi na tisa. Katika maabara nilipangwa pamoja na msichana wa Indonesia aitwaye Dewi. Nilifurahi. Siku ya kwanza tulipokutana kwenye foleni ya chakula nikamsalimia kwa lugha yake, sentensi yangu moja niliyoitunza miaka kumi na moja: *Pernah lihat orang ini?*

Dewi akatazama kulia na kushoto. Kisha akaniuliza, "Mtu gani?"

Nilimwambia ni salamu. Akacheka kwa upole, akasema si salamu, maana yake ni "Umewahi kumwona mtu huyu?" Alidhani nimemtania. Niliweka sinia langu chini. Nilimwona Mama ndani ya mashua, ameinama, mkono umenyooshwa na picha, akimuuliza mwanamke wa kofia kama amewahi kumwona mtu huyu. Na nyuma ya mgongo wake mtu huyu anakunywa chai, na binti yake anajizuia kucheka.

Sikurudi darasani. Niliendesha gari hadi Burnsville, theluji inaanguka, nikamkuta Mama jikoni anamenya ndizi, bado kwenye sare ya kazi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na koti mwilini. Nilimweleza soko, mtumbwi, kidole. Nilimwambia juu ya mwanamke, ila nilisema alikuwa muuza chai. Kisu cha Mama kilikuwa kimesimama kwenye ganda.

"Mbali kiasi gani?" aliuliza.

"Kama kutoka hapa hadi kwenye friji."

Akaligeukia friji, akalitazama. Nilingoja anilaani. Ningefurahi kama angenilaani. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Alikuwa amenenepa au amekonda?"

Alikuwa amenenepa. Alikuwa na mashavu ya mtu anayepikiwa, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Nilikumbuka yote hayo wazi kuliko nilivyokumbuka uso wake. Nikaitazama mikono ya Mama, imebabuka kwa kuosha wazee wa watu, nikaona kwamba siwezi kuuweka ukweli ule juu ya mikono ile.

"Alikonda, Mama," nikasema. "Alikuwa kama mgonjwa."

Sijui nilitegemea nini. Uso wake ulifunguka. Alikaa kwenye kiti, akashika kifua, akasema alijua, siku zote alijua. Mtu mwenye afya hawezi kuacha mke na mtoto. Aliugua akili au mwili, akaona aibu, hakutaka aonekane katika hali ile. Ndiyo maana akaweka kidole. Alilia, na lilikuwa kama kilio cha shukrani. Aliniambia nisijilaumu, nilikuwa mtoto na nilimtii baba yangu. Alinibusu kipaji cha uso. Mimi nilisimama pale na koti langu, theluji inayeyuka kwenye viatu, nikaelewa nilichofanya, na sikukirekebisha. Nilijiambia nitamwambia kesho. Nilijiambia hivyo kwa muda mrefu.

Wiki ileile alimwambia Elisante asije tena. Sasa alikuwa na habari za mumewe, alisema. Mumewe ni mgonjwa, na mtu hamwachi mgonjwa. Elisante alimsikiliza akiwa mlangoni, kofia ya sufu mkononi. Baada ya miaka miwili alioa mwanamke wa kwao. Mama alimwombea Baba kila mlo, kwa jina, apate chakula na dawa mahali alipo. Alifunga kila Ijumaa kwa ajili yake. Mara mbili aliandika barua kwa yule mwenye nyumba ya wageni, akimwomba awaulize watu wa hospitali. Uimbaji jikoni uliisha. Aliishi na mgonjwa wake miaka kumi na sita, hadi yeye mwenyewe alipougua, na katika siku zake za mwisho alinisihi nisimchukie baba yangu, kwa sababu ameteseka kuliko sisi.

Nilimwahidi. Nilimlisha uji kijiko kwa kijiko, na kila alipofumba macho nilijaribu kuanza sentensi. Muuguzi aliingia, mchungaji aliingia, shangazi akapiga simu kutoka Bukoba. Halafu hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya mazishi kulikuwa na upepo uliokata masikio. Elisante alikuja na mkewe. Amezeeka, anatembea kwa kuegemea mguu mmoja. Watu walipoanza kurudi kwenye magari, alinifuata, akavua glavu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama yako alikuwa mwaminifu," alisema. "Nilimkasirikia zamani, lakini sasa namheshimu. Alijua anachokifanya."

Mkewe alikuwa ameketi ndani ya gari, injini imewashwa kwa ajili ya baridi, anatutazama kupitia kioo. Nilitazama mikono ya Elisante iliyoshika mkono wangu. Nikamshukuru kwa kuja.